Kila Shida na Urefu Wake: Namna ya Kupima Matatizo kwa Muda Unaoyafaa

Mtu akiachishwa kazi siku ya Ijumaa, jioni hiyo anakuwa na matatizo matatu yenye urefu tofauti, ingawa yeye huyaona kama moja. La kwanza lina siku 30. Kwa Tanzania, mfanyakazi anayeona ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na zikipita itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kilichomchelewesha. La pili ni la miezi: kodi ya nyumba, ada za watoto, mkopo uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. La tatu ni la miaka: atafanya kazi gani hadi uzeeni. Mara nyingi usiku ule wa kwanza anakesha na la tatu, ambalo hakuna anayeweza kuliamua kwa usiku mmoja, na lile la siku 30 linapita hata hajaligusa.

Kuna shida ya saa, ya wiki, ya msimu na ya miaka kumi. Akili haizipangi hivyo. Huzipima zote kwa kipimo kilicho karibu, na matokeo yake hukosea pande mbili zinazopingana: maumivu huyaona marefu kuliko yatakavyokuwa, na kazi huiona fupi kuliko itakavyokuwa. Kubadili mtazamo juu ya wakati, kwa maana inayoweza kumfaa mtu Jumatatu asubuhi, ni kujizoeza kubadili kipimo kwa makusudi, kulingana na shida iliyopo mezani. Ushauri wa "ishi leo" haumsaidii anayedaiwa kodi. Huyo tayari anaishi leo kupita kiasi.

Kwa nini shida huonekana haina mwisho

Mwaka 2007 Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha jaribio la ajabu kidogo. Watu walidondoshwa chali kutoka urefu wa mita 31, bila kamba, wakanaswa na wavu chini. Baadaye waliulizwa kudondoka kwao kulichukua muda gani, na makadirio yao yalizidi kwa wastani wa 36% yale waliyoyatoa walipowatazama wenzao wakidondoka. Lakini kila mmoja alikuwa amefungwa mkononi kifaa chenye namba zilizobadilika kwa kasi isiyosomeka. Kama kweli muda ungepunguza mwendo kwa ajili yao, wangezisoma. Hawakuzisoma. Kilichorefuka ni kumbukumbu: wakati wa hofu ubongo hushika mambo mengi, na baadaye wingi huo huhesabiwa kana kwamba ni muda.

Wiki ya kwanza ya kufiwa, kuachika au kufilisika nayo huacha kumbukumbu nzito. Mtu akiichukua wiki hiyo kuwa ndiyo rula ya kupimia miezi inayokuja, hesabu haiwezi kutoka sawa.

Daniel Gilbert, Timothy Wilson na wenzao walilichunguza hilo mwaka 1998 kwa wahadhiri wa chuo kikuu waliokuwa wakisubiri kujua kama watapewa ajira ya kudumu. Wahadhiri walikisia kwamba wakinyimwa wataishi na majonzi kwa miaka. Waliokuwa wamenyimwa miaka ya nyuma hawakuonekana kuwa na furaha ndogo sana kuliko waliopewa. Sababu moja ni nyepesi kuieleza: tunapokisia siku za mbele tunaliangalia lile tukio peke yake, tukasahau kwamba miezi hiyo itakuwa pia na harusi ya binamu, mtoto anayeanza kuongea, mechi za Jumamosi, mvua na kazi za shambani. Maisha hayatoi nafasi ya kuhuzunika kwa jambo moja saa zote, hata mtu akitaka.

Njia iliyojaribiwa ya kurekebisha kosa hili ni kujipeleka mbali kwa makusudi. Mwaka 2015 Emma Bruehlman-Senecal na Ozlem Ayduk waliwaomba watu wenye jambo linalowasumbua wafikirie watakavyolihisi baada ya miaka 10, na wengine baada ya wiki moja. Walioangalia mbali walipungukiwa na msongo zaidi, hasa kwa sababu waliona wazi kwamba jambo lile lina mwisho.

Zoezi lenyewe hulifanyi kwa kujiambia "yatapita". Chukua karatasi, andika mwaka, kwa mfano ule wa miaka 10 kutoka leo. Andika umri wako mwaka huo, na umri wa kila mtoto. Andika utakuwa unaishi wapi, na saa nne asubuhi ya siku ya kawaida utakuwa unafanya nini, na nani atakuwa amekupigia simu wiki hiyo. Sentensi tano au sita zinatosha, mradi ziwe na watu na mahali. Kisha jiulize: katika shida ya leo, ni kipande gani kitakuwa bado kipo mwaka huo? Aibu ya kufeli mtihani haitakuwepo. Kukosa cheti kunaweza kuwa bado kupo. Hasira za talaka zitakuwa zimepoa. Mpangilio wa malezi ya watoto utakuwa bado unawagusa. Kipande kinachobaki ndicho kinachostahili mipango mirefu. Kingine kinahitaji kuvumiliwa tu, na uvumilivu ni rahisi zaidi mtu akijua anavumilia nini.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Moja ni kulifanya mapema mno, saa chache baada ya pigo, mtu akiwa hajalala wala kula. Ya pili, inayokera zaidi, ni kumfanyia mwenzako. Kumwambia mfiwa "baada ya miaka 10 utakuwa umesahau" ni kumjeruhi mara ya pili. Miaka 10 ni kipimo anachojipimia mwenyewe.

Isitoshe, si kila kitu hupozwa na muda. Takwimu za muda mrefu za kaya za Ujerumani, alizozichambua Richard Lucas na wenzake, zilionyesha kwamba waliofiwa na wenzi wao walihitaji miaka kadhaa kukaribia hali yao ya awali, na waliowahi kukosa ajira, hata walipopata kazi nyingine, kwa wastani hawakurudi kikamilifu. Kelele na maumivu sugu pia watu hawavizoei vizuri. Mtu akikwambia utaizoea baa inayopiga muziki ukutani kwako hadi saa tisa usiku, huyo hajawahi kukaa nayo. Kwa mambo ya aina hiyo fedha na nguvu zitumike kuliondoa tatizo, maana kusubiri hakulipi.

Shida zenye saa

Kabla ya kuinua macho kutazama mbali, liko swali moja la kulimaliza: shida hii ina saa? Aliyebakwa, au aliyechomwa na sindano iliyotumika, ana saa 72 za kuanza dawa za kinga ya VVU, na kadiri anavyowahi ndivyo zinavyofaa. Dozi yake ni ya siku 28. Aliyeumwa na mbwa anaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 na anakwenda kuanza chanjo siku hiyohiyo, kwa sababu dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Kikohozi kilichofika wiki 2 ni cha kupimwa kifua kikuu. Barua ya mahakama, notisi ya benki na ule mgogoro wa CMA vyote vina tarehe. Shida ya aina hii haihitaji mtazamo, inahitaji nauli.

Kwa zisizo na tarehe iliyoandikwa, uliza: nikikaa kimya wiki mbili, itakua, itabaki ilivyo, au itapungua? Inayokua ni kama deni lenye riba au kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari, nayo hushughulikiwa leo hata kama ni kwa hatua ndogo. Inayobaki ilivyo, kama kiwanja kisicho na hati, ipangiwe siku. Inayopungua mara nyingi ni ya watu kwa watu: ugomvi wa ndugu kwenye kundi la WhatsApp, maneno ya jirani, jibu la hasira ambalo umelianza lakini hujalituma. Hapo kusubiri ndiyo dawa yenyewe. Neno subira limebebeshwa mizigo isiyo yake. Wengi hulitumia kwa shida inayokua, halafu kwa ile inayopungua wanakosa hata saa moja ya kunyamaza.

Fedha za siku na deni la mwaka

Makosa ya kipimo huonekana vizuri zaidi kwenye fedha, kwa sababu yanaandikika.

Chukua bodaboda ya mkataba. Kijana hana mtaji, mwenye pikipiki anampa chombo, naye anapeleka hesabu ya shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa miezi 15, kisha pikipiki inakuwa yake. Elfu kumi kwa siku ni kiasi anachokiona mkononi kabla ya saa sita mchana, kwa hiyo hakimtishi. Sasa badilisha kipimo. Siku sita ni 60,000 kwa wiki. Miezi 15 ni wiki 65. Jumla ni 3,900,000. Ikiwa pikipiki hiyo dukani ni 3,000,000, zile 900,000 za juu ndizo bei ya kukosa mtaji. Huenda ni bei ya haki, maana mwenye chombo amebeba hatari yake. Lakini ajue analipa nini, na aongeze oili, matairi, cheni na breki, ambavyo kwa kawaida ni juu ya dereva.

Kinachowaangusha wengi si jumla hiyo. Ni kwamba mkataba umeandikwa kwa siku huku maisha ya dereva hayaendi kwa siku. Malaria inachukua siku nne, mvua za masika zinachukua nyingine, na baadhi ya mikataba inaruhusu chombo kuchukuliwa baada ya siku chache tu za kutopeleka hesabu, hata kama amebakiza miezi miwili. Kifungu cha kukipigania kabla ya kusaini ndicho hicho: hesabu ihesabiwe kwa mwezi, siku za kuumwa zisogezwe mbele badala ya kuwa kosa, na kiasi kilicholipwa kiandikwe kwenye daftari lenye saini za pande zote mbili.

Mikopo ya kausha damu hutumia mlango huohuo. Laki tatu kwa riba ya 20% kwa mwezi husikika kama elfu sitini tu. Anayeshindwa kurudisha mtaji analipa elfu sitini ili apewe mwezi mwingine. Baada ya miezi mitano amelipa laki tatu na bado anadaiwa laki tatu. Akifikisha mwaka amelipa 720,000 na mtaji uko palepale. Dawa ni kuzidisha kwa 12 kabla ya kuweka dole gumba: usiulize riba ya mwezi, uliza nikishindwa kurudisha mtaji kwa mwaka nitakuwa nimelipa kiasi gani.

Watafiti Pascaline Dupas, Jonathan Robinson na Santiago Saavedra waliwafuatilia waendesha baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, wakaona kwamba wengi hufanya kazi kwa kulenga hitaji la siku. Siku zenye hitaji kubwa walikaza, na wakishafikia kiasi hicho uwezekano wa kwenda nyumbani uliongezeka. Kulenga siku kuna faida yake. Humwamsha mtu kitandani. Hasara yake ni kwamba siku nzuri hufungwa mapema, na siku mbovu huvutwa hadi usiku kwa mapato kidogo. Anayelenga wiki hufanya kinyume: siku ya gulio au mechi anabaki barabarani, na Jumanne iliyolala anakwenda kurekebisha breki. Mapato ya wiki yanaweza kupanda kwa saa zilezile za kazi.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Busia, huko huko magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwakuta wakulima wa mahindi waliokuwa wakijua mbolea inalipa, wakisema wanakusudia kuinunua msimu ujao, na msimu ukifika hawana fedha. Elimu haikuwa imekosekana. Fedha zipo wakati wa mavuno, mbolea inahitajika miezi kadhaa mbele, na katikati hapo kuna ada, wagonjwa na misiba. Mpango walioujaribu uliitwa SAFI. Mara tu baada ya mavuno mtu alifika nyumbani kwa mkulima, akamuuzia vocha ya mbolea kwa bei ya kawaida, na ofa pekee ilikuwa kupelekewa mbolea bure akinunua wakati ule. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba punguzo dogo hilo, likitolewa siku ambayo fedha ipo, liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiasi kinacholingana na punguzo kubwa zaidi lililotolewa baadaye, wakati wa kupanda.

Kila kaya ina mavuno yake, hata ya mjini. Kwa mwalimu ni siku ya mshahara, kwa mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi ni malipo ya mnada mwishoni mwa mwaka, kwa muuza nguo ni wiki mbili kabla ya Idi na Krismasi. Orodhesha mambo ya lazima ya miezi sita ijayo ambayo yanaweza kulipiwa kabla: ada ya muhula wa Januari, mbolea, bima ya afya, sare za shule. Chagua mawili. Yalipe siku ileile fedha inapoingia, kabla ya kuondoka benki au kwa wakala. Nia ya "nitaweka pembeni" huishia njiani. Nia iliyofungwa kwenye saa na mahali, kama "nikitoka tu kwa wakala naingia duka la pembejeo," hutimia mara nyingi zaidi, jambo ambalo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameliandikia tangu miaka ya 1990.

Upatu nao ni biashara ya wakati. Watu 10 wakichangia 50,000 kwa mwezi, wa kwanza kupokea laki tano amekopeshwa na wenzake bila riba, na wa mwisho amejiwekea akiba. Zamu kwa hiyo isipigwe kura kiholela. Mwenye kulipa ada Januari apokee Desemba, na mwenye kununua mabati Juni apokee Mei.

Kuna jambo jingine ambalo wenye shida huchekwa nalo bila haki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapima wakulima 464 wa miwa jimboni Tamil Nadu, India, kabla na baada ya mavuno. Watu walewale walifanya vibaya zaidi kwenye vipimo vya umakini kabla ya mavuno, walipokuwa wamebanwa, kuliko baada yake. Ukata hula sehemu ya kichwa. Kwa hiyo maamuzi yenye kufunga miaka, kama kuuza kiwanja, kusaini mkopo, kuacha kazi au kumhamisha mtoto shule, yasiwekwe kwenye wiki ya mwisho ya mwezi ikiwa inawezekana kuyasogeza siku kumi.

Kazi hurefuka, na tunajua, na bado tunakosea

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya Tanzania yahamie Dodoma, na mpango ulikuwa wa miaka 10. Bunge lilianza kukutana huko kwa kudumu mwaka 1996. Rais John Magufuli alitangaza mwaka 2016 kwamba serikali yote inahamia, naye mwenyewe akahamia mwaka 2019, miaka 46 baada ya uamuzi. Jumba la muziki la Sydney, Australia, lilianza kujengwa mwaka 1959 likitarajiwa kukamilika 1963 kwa dola milioni 7 za huko. Lilifunguliwa 1973 likiwa limegharimu milioni 102.

Serikali zina sababu zao, lakini mtu mmoja mmoja hukosea vilevile. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilipa kosa hili jina mwaka 1979. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walitoa takwimu za wanafunzi wa Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Kwa wastani walikisia siku 34 hivi. Walipoambiwa wakadirie kama kila kitu kitakwenda vibaya walisema siku 49 hivi. Walimaliza kwa siku 56 hivi. Hapo ndipo pa kutazama: hata makadirio yao ya mkosi yalikuwa mafupi. Tunapopanga tunaichora kazi yenyewe hatua kwa hatua, na kwenye mchoro huo hakuna msiba, hakuna fundi aliyepotea na malipo ya awali, hakuna mwezi ambao mshahara umechelewa.

Marekebisho ni kuacha mchoro na kuwauliza waliotangulia. Anayetaka kujenga aende kwa watu watano waliojenga mtaa huo kwa kipato kinachofanana na chake. Amuulize kila mmoja tarehe mbili tu: mwezi alioanza kuchimba msingi, na mwezi aliolala ndani ya nyumba. Asiulize "ilichukua muda gani", kwa sababu jibu la swali hilo huwa limeshapambwa. Miaka ikipatikana aipange kutoka mdogo hadi mkubwa, achukue wa katikati, na huo ndio muda wake wa kuanzia. Aupunguze tu ikiwa ana sababu inayoshikika, kama fedha zote kuwa tayari benki. Bidii si sababu. Hao watano nao walikuwa na bidii.

Kisha apime miezi yake mwenyewe. Aangalie mwaka uliopita: katika miezi 12, ni mingapi aliyoweza kuweka chochote? Ikiwa ni 7, basi kazi inayohitaji michango ya miezi 10 itamchukua takriban miezi 17 ya kalenda.

Muda huo ukishajulikana, hata manunuzi hubadilika. Aliyejipa miezi sita hununua saruji yote mapema ili "kuifungia" fedha, halafu ujenzi unasimama. Saruji iliyokaa zaidi ya miezi mitatu hupoteza nguvu, hasa pwani kwenye unyevu, na mifuko ya chini ikigusa sakafu huganda mabonge. Aliyejipa miaka mitatu hununua kwa mpango mwingine: kokoto na mchanga, tofali zilizofyatuliwa na kumwagiliwa vizuri, baadaye mabati, na saruji wiki ile ya kuitumia. Hupanga pia mahali pa kusimama. Kuta zikikaa bila paa kwa misimu miwili ya mvua, udongo na saruji kati ya tofali huliwa kutoka juu. Ni afadhali kusimama kwenye msingi uliofunikwa, au kukaza hadi kupaua, kuliko kuacha pagale katikati. Wengi husimama kwenye lenta kwa sababu hapo ndipo fedha ya "miezi sita" huishia.

John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali haupo sana. Kwame Gyekye wa Ghana na wengine walimpinga. Upande wa pwani hoja hiyo ina kazi ngumu kwa aliyewahi kuona shamba la minazi mirefu, inayoanza kuzaa baada ya miaka 6 au zaidi na kuendelea kwa miongo, au mikarafuu ya Pemba iliyopandwa na babu na kuchumwa na wajukuu. Waliopanda walijua pia kwamba mtu haishi miaka 6 kwa matumaini tu. Katikati ya minazi michanga walipanda mihogo, mananasi na migomba ili shamba lilishe watu huku likisubiriwa. Mpango wowote mrefu usio na mihogo yake, yaani kipato kidogo cha katikati, huuzwa kabla haujazaa. Anayesoma chuo miaka mitatu, anayejenga, na anayehamia ughaibuni akisubiri vibali wote hukwama hapohapo.

Msiba, ambapo vipimo vyote hukutana

Msiba una siku tatu za umati, kisha kimya. Chakula, turubai na usafiri hupatikana kwa wingi wakati mfiwa hana hata hamu ya kula, na mwezi wa nne, kodi inapofika, hakuna anayepiga hodi. Kwa mjane Mwislamu eda ni miezi minne na siku 10 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, au hadi kujifungua akiwa mjamzito, na kipindi hicho hatoki bila dharura. Wakati huohuo, Tanzania, mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi aliyeteuliwa ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, isipokuwa mahakama ikimwongezea muda. Saa mbili zinakwenda pamoja ndani ya nyumba moja.

Kwa hiyo kikao cha familia cha siku ya tatu kingefaa kiwe na mambo matatu, hata kwa dakika 20. Daftari la rambirambi lijumlishwe na sehemu, tuseme nusu, itengwe kwa mwezi wa tatu hadi wa sita kabla ya kuamua ukubwa wa shughuli ya arobaini. Ateuliwe mtu wa kufuatilia makaratasi, naye apewe cheti cha kifo, namba za akaunti na jina la mwajiri wa marehemu. Na watu wanne wagawane miezi, kila mmoja awe na mwezi wake wa kumtembelea mfiwa. Mashemeji hulalamika kwamba ni mapema mno kuzungumzia fedha. Kwa huzuni ni mapema kweli, lakini kodi ya mwezi wa nne haitasubiri huzuni iishe.

Ndani ya ndoa vilevile, ugomvi mwingi wa fedha ni wa vipimo viwili. Mama anahesabu kwa muhula wa shule, baba anahesabu kwa miaka ya nyumba, na kila mmoja anamwona mwenzake hana akili. Kabla ya kubishana, kila mtu aandike kwenye karatasi yake shida tatu kubwa na mbele ya kila moja aweke urefu: saa, wiki, msimu au miaka. Karatasi zikiwekwa pamoja hugundulika mara nyingi kwamba orodha zinafanana na urefu ndio unaotofautiana. Anza na zenye saa, maana hizo hazina mjadala. Za msimu zifungwe kwenye tarehe ya mavuno ya kaya. Za miaka zipewe kiasi kidogo cha kila mwezi, na zisijadiliwe tena hadi miezi mitatu ipite. Karatasi hiyo isiandikwe usiku, wala mtu akiwa na njaa, wala tarehe 28 mshahara haujaingia. Jumamosi asubuhi baada ya chai, wiki ya kwanza ya mwezi, nusu saa inatosha.